Kaya namba 014: kisa cha ufunguo usiomjua mzazi wake

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika halmashauri moja ya wilaya Tanzania Bara, wakati wa kuandikisha kaya kwa ajili ya ugawaji wa vyandarua. Majina ya vijiji na vitongoji nimeyabadilisha. Hesabu nilizoweka ni za vitongoji viwili tu, kwa sababu hivyo viwili vinatosha kuonyesha kilichoharibika. Naandika nikiwa mmoja wa wahusika: skima ya kwanza ya mafaili ya uandikishaji, yaani kanuni zinazosema faili liwe na umbo gani ndipo lipokelewe, niliitunga mimi.

Kanuni ya ugawaji ni nyepesi. Chandarua kimoja kwa kila watu wawili, na kaya yenye watu watano inapewa vitatu. Kinachotakiwa basi ni kujua kaya ziko ngapi, kila moja ina watu wangapi, na mkuu wa kaya ni nani. Mwandikishaji anazunguka nyumba kwa nyumba akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, anajaza daftari, kisha anaingiza taarifa kwenye simu. Kila kaya inapewa namba, na namba hiyo inaandikwa kwa chaki juu ya mlango. Kila kitongoji kinaanza na 001. Mwenyekiti akisema "kaya kumi na nne", kitongoji kizima kinajua mlango unaosemwa.

Taarifa zenyewe zina umbo la mti. Halmashauri ina kata, kata ina vijiji, kijiji kina vitongoji, kitongoji kina kaya, kaya ina watu. Simu zilituma taarifa kwa XML, namna ya kuandika taarifa ambamo kipande kimoja hukaa ndani ya kingine, na mafaili yalifuata mti huohuo:

    halmashauri
        kata
            kijiji: Mlimani
                kitongoji: Shuleni
                    kaya: 014
                        mtu, mtu, mtu, mtu, mtu, mtu
            kijiji: Bondeni
                kitongoji: Shuleni
                    kaya: 014
                        mtu, mtu

Msomaji tayari ameona kitakachotokea. Sisi hatukukiona, na ni vizuri nieleze kwa nini.

Vitongoji vyetu vingi hupewa majina kutokana na kilicho jirani au kutokana na historia ya nchi: Shuleni, Sokoni, Kanisani, Msikitini, Kati, Azimio, Umoja, Muungano. Huwezi kuvuka vijiji vingi bila kukutana na jina ulilokwisha kuliacha nyuma. Hata ngazi za juu ni hivyohivyo. Kata ya Majengo ipo Moshi na ipo Dodoma. Ukivuka mpaka, Majengo ipo Mombasa na Nairobi pia. Wenyeji hawahangaiki, kwani kila anayetaja jina anajua amesimama wapi. Kompyuta haijui imesimama wapi mpaka iambiwe.

Mfululizo wa matukio

Nilipoanza kutunga skima nilipewa faili moja la mfano, la kitongoji kimoja. Ndani yake namba za kaya hazikujirudia, kama ilivyotarajiwa. Nikaweka sharti la ufunguo, yaani la kitambulisho kisichojirudia, kwenye elementi (kipande cha mti) ya juu kabisa, halmashauri, likisema: tafuta kila kaya popote ilipo chini yangu, na namba yake isijirudie. Wakati wa mafunzo kila mwandikishaji alituma faili la kitongoji kimoja kimoja, na kila faili lilipita. Tulifurahi, tukafunga kazi.

Uandikishaji ulipokamilika, mafaili yaliunganishwa kwa kata. Hapo ndipo seva ilipoanza kukataa. Faili la kwanza la kata lilirudisha ujumbe kwamba ufunguo 001 umerudiwa, kisha 002, kisha 003, hadi mwisho wa orodha. Kata ya pili ikawa vilevile, na zote zilizofuata. Ilikuwa jioni, zimebaki siku tatu kabla ya malori kufika, na kuponi hazijachapishwa hata moja.

Mtaalamu wa takwimu wa halmashauri, kijana makini na mwenye bidii, alinipigia simu. Nilikuwa safarini, sikupatikana. Akafanya mambo mawili usiku ule.

Kwanza, alizima ukaguzi wa skima. Pili, alienda kwenye kanzidata, ambako jedwali la kaya lilikuwa na ufunguo wa namba ya kaya peke yake, akaongeza jina la kitongoji. Ufunguo mpya ukawa kitongoji na namba kwa pamoja. Amri ya kuingiza taarifa ilibaki ileile ya mwanzo: kama kaya yenye ufunguo huo haipo, iongeze, kama ipo, andika juu yake.

Taarifa zote zikaingia bila kosa hata moja. Ripoti ya asubuhi ilionyesha kaya zilizopokelewa, na jumla ililingana na jumla ya madaftari. Kuponi zikachapishwa, orodha zikapelekwa vijijini.

Siku ya ugawaji, kwenye baraza la shule ya msingi ya Mlimani, bibi mmoja aliyekuwa amepanga foleni tangu alfajiri alifika mezani.

"Shikamoo, bibi. Namba yako?"

"Marahaba. Kumi na nne, Shuleni."

Mgawaji akapitisha kidole kwenye orodha. Shuleni, 014: jina la mwanamume, watu wawili, chandarua kimoja.

"Bibi, hapa limeandikwa jina jingine. Jina lako halipo."

"Huyo simjui, mjukuu wangu. Mimi niliandikwa na mwenyekiti huyuhuyu aliyesimama hapo, na kwangu tuko sita. Twende ukaone mlangoni."

Mtendaji wa kijiji alikwenda. Chaki ilikuwepo juu ya mlango, 014, imefifia kidogo lakini inasomeka. Akafungua daftari: mstari wa kumi na nne, jina la bibi, watu sita. Aliporudi shuleni alikuta wengine wengi wenye malalamiko hayohayo, na jambo moja la ajabu. Waliokosa walikuwa ni wa kuanzia 001 mpaka 048. Kuanzia 049 mpaka 061, namba ya mwisho, kila mtu alikuwa na kuponi yake na alipewa haki yake.

Wanakijiji walipata maelezo yao haraka kuliko sisi. Uandikishaji ulikuwa umeanzia upande wa mto na kumalizikia upande wa nyumba ya mwenyekiti. Kaya 049 hadi 061 zilikuwa majirani zake. Kabla ya saa sita mchana maneno yalishaenea kwamba mwenyekiti ameuza majina ya watu na kuwalinda wa kwake. Mzee yule hakufanya kosa lolote. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote katika kisa kizima, na sijasahau sura yake alipokuwa ameshika daftari lake kifuani.

Kilichokuwa kimetokea ndani ya kanzidata

Shuleni ya Mlimani ilikuwa na kaya 61. Shuleni ya Bondeni, kijiji cha jirani, ilikuwa na kaya 48. Jumla 109. Faili la Mlimani liliingia kwanza, na kaya zake zote 61 zikakaa salama. Lilipofika la Bondeni, kanzidata ilitazama ufunguo: Shuleni, 001. Ipo. Andika juu yake. Shuleni, 002. Ipo. Andika juu yake. Ikaendelea hivyo mpaka 048. Ilipomaliza, jedwali lilikuwa na mistari 61: 48 ya Bondeni na 13 ya Mlimani, zote zikionekana kama kitongoji kimoja.

Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea kwa sababu, kwa mujibu wa ufunguo ule, hapakuwa na kosa. Kanzidata iliamini inapokea marekebisho ya kaya inazozijua tayari. Ripoti ya asubuhi nayo ilihesabu kaya zilizokuwa ndani ya mafaili yaliyopokelewa, 109, haikuhesabu mistari iliyobaki kwenye jedwali.

Maamuzi, na sababu zake

Nataka kumtendea haki kijana yule. Amri ya "kama ipo, andika juu yake" haikuwa uzembe. Mtandao vijijini hukatika katikati ya kutuma, na mwandikishaji hutuma faili lilelile mara mbili au tatu mpaka aone alama ya kufika. Bila amri hiyo kaya zingeongezeka maradufu. Kuongeza jina la kitongoji kwenye ufunguo nako kulikuwa nusu ya jibu sahihi, kwani alielewa kwamba namba ya kaya ina maana ndani ya kitongoji tu. Aliishia hapo kwa sababu jedwali la kaya lilikuwa na safu ya kitongoji na halikuwa na safu ya kijiji. Kijiji kilikaa kwenye jedwali jingine. Saa sita usiku mtu hutumia kilicho mbele yake.

Kosa langu lilitangulia lake. Sharti nililiweka mahali pasipo pake. Ujumbe wa seva ulisema namba 001 imerudiwa, na ni kweli ilikuwa imerudiwa, kama inavyopaswa kurudiwa. Sharti linalokataa taarifa sahihi humfundisha mtumiaji kwamba masharti ni kero, na akishaamini hivyo atalizima hata lile ambalo lingemwokoa.

Baada ya siku ya Mlimani tulikaa watatu: mimi, kijana wa takwimu na mtendaji wa kata moja aliyekuwa mwalimu wa hesabu zamani. Tuliamua haya.

Ugawaji katika vitongoji vyote vyenye jina linalojirudia usimame kwanza. Mtendaji alisisitiza hili wakati mimi nilikuwa nafikiria kurekebisha huku kazi ikiendelea. Alisema kila kuponi inayotolewa kwa orodha mbaya inamgeuza mtu mwingine kuwa mwongo mbele ya jirani zake. Alikuwa sahihi.

Sharti la ufunguo lirudi, lakini lishuke. Badala ya sharti moja juu ya mti, tukaweka moja katika kila ngazi. Ndani ya halmashauri, jina la kata lisijirudie. Ndani ya kata, jina la kijiji lisijirudie. Ndani ya kijiji, jina la kitongoji. Ndani ya kitongoji, namba ya kaya. Katika skima ya XML sharti hutawala elementi lilipotangazwa, basi. Kwa hiyo marekebisho ya sharti la kaya yalikuwa ni kuhamisha mistari minne kutoka kwenye tangazo la halmashauri kwenda kwenye tangazo la kitongoji. Mistari minne. Nilipoihamisha niliikumbuka foleni ya Mlimani.

Kila kaya ipewe pia msimbo wa kudumu, usiotokana na jina la mahali wala namba ya mlangoni. Hapa tulibishana sana, na nitaurudia ubishi huo chini.

Matokeo

Bahati yetu ilikuwa moja, na haikuwa bahati tupu: mafaili ya XML kama yalivyotumwa na simu yalikuwa yamehifadhiwa kwenye seva bila kuguswa. Tuliyapakia upya kwa ufunguo mpya, na kaya zote 109 za Shuleni mbili zikarudi kila moja mahali pake. Tulizilinganisha na madaftari mstari kwa mstari, wenyeviti wote wawili wakiwa wamekaa nasi. Vitongoji vingine vyenye majina ya kufanana vilikutwa na madhara yaleyale, na vyote vilirekebishika kwa njia hiyo.

Waliokosa walipewa vyandarua wiki tatu baadaye, mvua zikiwa zimeanza. Kwa chandarua, wiki tatu za mwanzo wa mvua si kitu kidogo. Mbu hawasubiri orodha.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Mlimani. Mtendaji alieleza, nami nikasimama nikasema kwamba kosa lilikuwa la kwetu na kwamba daftari la mwenyekiti halikuwa na doa. Tulibandika ukutani orodha mbili sambamba, ile mbaya na ile ya daftari, ili kila mtu ajionee namba yake ilikoangukia. Wengine waliridhika. Kama wote waliridhika, siwezi kudai.

Uchambuzi: namba inaishi ndani ya mzazi wake

Katika jedwali la kawaida, ufunguo ni jambo la jedwali zima. Namba ya mwanafunzi haijirudii kwenye orodha ya wanafunzi, tumemaliza. Katika mti, swali la kwanza ni: haijirudii ndani ya nini? Nitauita ufunguo wa aina ya kwanza ufunguo huru, na huu wa pili ufunguo tegemezi, kwa kuwa maana yake inamtegemea mzazi.

Sisi Waswahili tunautumia ufunguo tegemezi kila siku. Ukimwambia mtu soma aya ya tano, atakuuliza ya sura ipi, maana Qurani ina sura 114 na aya ya kwanza ipo katika kila moja. Yohana 3:16 ni ngazi tatu, kitabu, sura na mstari, na ukiondoa yoyote kati yake umepotea. Hata watu tunawaita hivyo. Juma yupi? Juma wa Mzee Hamisi. Hamisi yupi? Hamisi wa Ali, wa kule kisimani. Tunapanda kwa wazazi mpaka mtu abaki mmoja.

Wahandisi nao walilijua hili mapema. Mfumo wa IMS wa IBM, uliozaliwa katika miaka ya 1960 kutokana na mahitaji ya mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini, ulihifadhi taarifa kwa umbo la mti. Rekodi za aina moja zilizo chini ya mzazi mmoja ziliitwa mapacha, na uga wa utambulisho, yaani sehemu ya rekodi yenye kitambulisho chake, ungeweza kuwekewa sharti la kutojirudia miongoni mwa mapacha hao tu. Kumpata mtoto fulani ulikusanya funguo kutoka shinani hadi kwake ukaziunga pamoja. Kisha Edgar Codd alichapisha mwaka 1970 modeli yake ya uhusiano, inayopanga taarifa zote katika majedwali, majedwali yakatawala, na vizazi vya mafundi, mimi nikiwemo, vikajifunza kufikiri kwamba ufunguo ni wa jedwali zima. XML ilipotoka mwaka 1998 ikaturudisha kwenye mti, nasi tukaja na mazoea ya jedwali.

Tena zana za mwanzo zilituongoza vibaya. Katika DTD, namna ya zamani ya kuandika kanuni za faili la XML, atributi (sifa inayobandikwa kwenye elementi) ya aina ya ID lazima iwe ya pekee katika waraka mzima, hata kati ya elementi za aina tofauti, na thamani yake haiwezi kuanza na tarakimu. Yaani 014 haikubaliki kabisa. Mwaka 2001, skima ya XML ilipopitishwa, ikaleta masharti ya ufunguo yanayoweza kuwekwa kwenye elementi yoyote. Mwaka huohuo Peter Buneman na wenzake wanne waliueleza kwa makini ufunguo tegemezi wa XML. Wazo lao ambalo lingetuokoa ni hili: ufunguo tegemezi mmoja hautoshi, unahitaji mnyororo usiokatika hadi shinani. Ukisema namba ya kaya ni ya pekee ndani ya kitongoji, ni lazima pia useme kitongoji ni cha pekee ndani ya kijiji, na kijiji ndani ya kata. Ufunguo wa usiku ule, kitongoji na namba, ulikuwa mnyororo uliokatwa kiungo cha pili.

Uchambuzi: mambo madogo yaliyotusumbua baadaye

Mnyororo ulipokamilika tulidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza.

La kwanza lilikuwa usawa wa thamani. Mwandikishaji mmoja aliandika 14, mwingine 014. Kama skima inasema namba ni neno, hizo ni kaya mbili tofauti. Ikisema ni namba kamili, ni kaya moja. Skima ya XML hulinganisha thamani kwa aina yake, haitazami herufi zilivyoandikwa tu, kwa hiyo aina ya uga ni sehemu ya ufunguo hata kama haikutajwa kwenye sharti. Tukabadilisha kuwa namba kamili. Kwa majina ya vitongoji, nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa neno ilitupatia Shuleni mbili ndani ya kijiji kimoja, zinazofanana kabisa machoni. Dawa ilikuwa kutumia aina inayoondoa nafasi za ziada, na kubwa zaidi, kumfanya mwandikishaji achague jina kwenye orodha badala ya kuliandika.

La pili, thamani inayokosekana. Skima ya XML ina masharti mawili yanayofanana: moja linataka uga uwe wa pekee kama upo, jingine linataka uwepo na uwe wa pekee. Kwa kaya tunataka la pili. Kaya isiyo na namba ni kaya itakayokosa kuponi, na heri ikataliwe mlangoni kuliko ipite kimya.

Jambo hilo lilitukuta vibaya zaidi kwenye kanzidata. Ndani ya halmashauri yetu kuna mamlaka ya mji mdogo. Mji mdogo una vitongoji lakini hauna vijiji, kwa hiyo safu ya kijiji ilibaki tupu. Sharti letu jipya lilisema kijiji na kitongoji kwa pamoja visijirudie. Katika kanzidata nyingi thamani tupu haihesabiwi kuwa sawa na thamani tupu nyingine, hivyo mistari miwili yenye kijiji tupu na kitongoji Sokoni haikuonekana kuwa imerudiwa. Sokoni ikaingia mara mbili, sharti likiwa macho na halioni. PostgreSQL, mojawapo ya kanzidata hizo, katika toleo la 15 la mwaka 2022, liliongeza namna ya kutamka kwamba tupu mbili zihesabiwe sawa. Sisi tulichagua njia nyingine: kila kitongoji kielekeze kwa mzazi mmoja asiyeweza kuwa tupu, awe kijiji au mji mdogo. Naipenda njia hii zaidi kwa sababu inasema ukweli wa mahali penyewe. Kitongoji cha mji mdogo kina mzazi, na mzazi wake ni mji.

La tatu ni marejeo. Rekodi ya ugawaji inasema kaya fulani imepokea vyandarua vitatu. Mwanzoni rekodi hizo zilikaa juu ya mti, zikitaja namba ya kaya tu, na bila shaka hazikuelekeza popote. Njia za uteuzi ndani ya masharti ya skima ya XML hushuka tu, haziwezi kupanda kwa mzazi kuchukua jina lake. Ama rekodi ibebe majina yote ya njia, kata mpaka kitongoji, ama ihamie ndani ya kitongoji, karibu na kaya inayoitaja. Tuliihamisha. Wale wanaotumia JSON, namna nyingine ya kuandika taarifa za umbo la mti, wanayo kazi zaidi. Skima ya JSON inaweza kukataza vipengele viwili vinavyolingana vyote kwa vyote, lakini haina njia ya kusema namba tu isijirudie, kwa hiyo sharti hili inabidi ulitungie programu mwenyewe.

Ubishi wa msimbo wa kudumu

Kijana wa takwimu aliuliza swali zuri: kama njia nzima, kata, kijiji, kitongoji, namba, inaitambulisha kaya, msimbo mwingine wa nini? Njia inasomeka, mwenyekiti anaielewa, hakuna cha kukariri.

Hoja yangu ilikuwa kwamba njia ni ya kweli leo. Mwezi Januari 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Mtu wa Mbozi alilala Mbeya akaamka Songwe, mlango wake ukiwa palepale. Mwaka 2012 vilevile ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Kata hugawanywa, vijiji hugawanywa, vitongoji hubadilishwa majina. Kila tawi la juu likihama, njia za walio chini yake zote zinabadilika, na kila rekodi iliyoandika njia hiyo inakuwa yatima.

Yeye akajibu kwamba msimbo peke yake hauzuii kuandikisha kaya moja mara mbili: waandikishaji wawili wataipa misimbo miwili na mfumo utaridhika. Hapo alinishinda. Msimbo unasema hii ni ileile ya jana. Ufunguo tegemezi unasema hizi mbili za leo haziwezi kubeba namba moja ndani ya kitongoji kimoja. Tukaviweka vyote viwili, msimbo kwa marejeo na ufunguo tegemezi kama sharti, na amri ya kuandika juu ikahamia kwenye msimbo. Mwandikishaji akituma mara ya pili faili lilelile, msimbo ni uleule, kaya inasasishwa. Mtu mwingine akileta kaya tofauti yenye namba iliyokwisha kutumika ndani ya kitongoji hicho, mfumo unakataa na kuonyesha majina yote mawili, ili mwenyekiti aamue.

Tulikubaliana pia kwamba namba ya kaya iliyohama au iliyokwisha isipewe kaya nyingine ndani ya zoezi hilo. Hili halikuhitaji fundi. Mwenyekiti wa Bondeni ndiye aliyelipendekeza, akasema si vizuri mtu kuitwa kwa namba ya marehemu.

Mwaka uliofuata Shuleni ya Mlimani iligawanywa, na upande wa mto ukawa kitongoji kipya chenye mwenyekiti wake. Alihesabu upya nyumba zake kuanzia 001. Kwenye mlango wa yule bibi sasa imeandikwa 006, na chini yake bado unaweza kuiona 014 ya zamani. Kwenye mfumo alihamishwa mzazi, namba ikabadilishwa, msimbo ukabaki uleule, na vyandarua vyake vitatu vya mwaka ule vimeandikwa chini ya jina lake.